Irmtraud Akata Tumbawe la Mumewe

Volkmar na mkewe Irmtraud waliishi nyumba inayotazamana na yangu katika mji wa Gelsenkirchen, na sebuleni mwao mlikuwa na bahari. Lilikuwa tangi la kioo refu kama kitanda, ambalo Volkmar alilijaza maji ya chumvi mwaka ule mgodi wa makaa ya mawe alikofanya kazi ulipofungwa. Humo alifuga matumbawe laini, yale yanayoyumba majini kama majani. Kubwa kuliko yote lilikuwa na umbo la uyoga, pana kama sinia. Alikuwa nalo miaka ishirini na sita, na wenzake wengi wa chama cha wafugaji wa matumbawe walikuwa na kipandikizi chake, kipande kilichokatwa kwake kikaota upya.

Irmtraud hakulipenda tangi. Alizoea kusema mumewe anajua joto la maji yale kuliko homa ya mkewe.

Kisha mikono ya Volkmar ikashikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka wa tatu hakuweza tena kufunga vifungo vya shati, na ndipo tumbawe likaanza kuoza ubavuni. Lilipaswa kukatwa haraka, sehemu zisizooza zipandwe upya. Jumamosi moja ya Machi alijaribu mwenyewe. Kisu kikachana pasipotakiwa. Akakitupa kwenye sinki.

Kesho yake Irmtraud aliniita nimsaidie kubeba ndoo.

"Mpigie simu Detlev wa chama," alikuwa akimwambia mumewe. "Ana mikono mizuri."

"Detlev hagusi tangi langu."

"Sasa nani? Mimi?"

Volkmar akamtazama. "Umekata magauni ya maharusi miaka thelathini. Uliharibu lipi?"

"Ile ilikuwa hariri, mzee. Hili ni kama konokono aliyevuliwa gamba."

"Vaa glavu, ute wake una sumu. Na usijiguse macho."

Tukalitoa tumbawe tukaliweka kwenye beseni la maji yake. Lilijikunja, likatoa ute na harufu kali. Irmtraud alishika kisu, akakishusha, akakiinua tena.

"Linaumia?" akauliza.

Volkmar akainamia beseni. "Sijui. Miaka yote hii, sijui. Ila kata mara moja, mama. Ukisitasita unalichana."

Irmtraud akakata. Alitoa vipande kumi na viwili, vyote vya ukubwa mmoja, kama aliyepima kwa utepe. Gundi haikushika kwenye ute, hivyo kila kipande kilitakiwa kulazwa juu ya jiwe na kufunikwa kitambaa cha matundu mpaka kishike chenyewe. Irmtraud akaenda jikoni, akarudi na pazia la neti la dirisha linalotazama kwangu.

"Basi," akaniambia huku akilikata, "sasa utaona kila chakula ninachounguza."

Volkmar akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi.

Shina tulilirudisha tangini, lakini baada ya wiki likaoza lote. Irmtraud alipolitoa na kulitia bakulini, Volkmar aliomba ashike bakuli. Lilitikisika mikononi mwake, maji yakamwagikia suruali, na hatukumpokonya. Vipandikizi vitano navyo vikafa. Saba vikashika mawe, na mwezi Julai vikatoa vidole vyao vidogo vya manjano. Kila asubuhi Irmtraud alipima chumvi na kumsomea mumewe namba, naye akisahihisha kutoka kitini.

Volkmar alifariki Novemba.

Baada ya maziko Detlev alikuja na ndoo sita. Alikuwa amemwahidi marehemu kwamba hatamwachia mjane mzigo ule.

"Chukua vipandikizi vitatu," Irmtraud alimwambia. "Tangi linabaki."

"Irmtraud, hii ni kazi ya kila siku. Umeme ukikatika, vinakufa. Pampu ikiziba, vinakufa."

"Naifanya tangu Machi."

"Lakini hukuwahi kulipenda tangi hili."

"Na sasa bado silipendi sana." Alikuwa ameshavaa glavu. "Ila alinifundisha, Detlev. Alikaa hapo akanifundisha kila kitu, mtu ambaye hakuweza hata kushika kijiko. Nikupe wewe leo, mimi kesho niamkie nini?"

Detlev akachagua vitatu vilivyokuwa upande wa mwanga, akavifunga kwenye mifuko yenye maji. Kisha akavua koti, akapiga magoti, akaanza kumwonyesha namna ya kufungua pampu.