Mama Yuko kwa Shangazi

Wafanyakazi wa haki za binadamu waliopita mikononi mwake ndio waliompachika jina Mama Taratibu, na jina likamganda. Neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Mtu aliyeteswa usimkimbilie, taratibu. Usimshike bega kabla hujamwuliza, taratibu. Usikae kati yake na mlango. Usimwambie unajua anavyojisikia, maana hujui, na yeye anajua kwamba hujui. Aliyafundisha hayo kwenye ukumbi ulio juu ya karakana ya samani. Misumeno ya chini ilipoanza kunguruma alinyamaza, akawatazama wanafunzi wake, kisha akasema, "Ninyi sauti hii inawaudhi tu. Kuna mtu ingemwingiza chini ya meza."

Hakuyatoa vitabuni. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akitengeneza redio na vipaza sauti. Wafanyakazi wa kiwandani walipogoma walimletea vipaza sauti vyao vibovu, naye akavitengeneza, basi. Kosa lake likawa hilo. Askari walimchukua dukani kwake mchana kweupe, wakamweka ndani karibu mwaka mzima, wakimtaka awataje viongozi wa mgomo ambao hakuwajua hata kwa sura. Alirudi mifupa mitupu, mikono imekufa ganzi kwa kuning'inizwa, vidole haviwezi tena kushika chuma cha kulehemu. Dada yake akampa chumba cha uani.

Na mama yao alikuwa ameshafariki. Alianguka langoni mwa gereza, kwenye foleni, amekumbatia mfuko wa nguo safi za mwanawe. Mtaalamu mmoja alimshauri dada asimwambie Fundi mpaka apate nguvu, naye akashika ushauri huo kwa mikono miwili. Fundi alipouliza, aliambiwa mama yuko kwa shangazi, anapumzika. Uongo huo uliishi miezi kadhaa, mpaka jirani mmoja alipokutana na Fundi sokoni akampa pole ya msiba. Alirudi nyumbani akasema tu, "Nimeshajua." Dada alilia, yeye akampapasa mgongoni. Mama Taratibu akadhani limepita.

Juma moja la mafunzo, mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mwanamume wa maneno laini, asiyependa kuaibika mbele ya wageni.

"Wafadhili wetu wanakuja siku ya mwisho," alisema. "Na yule mama aliyeteswa, aliyekuwa aje kuzungumza, amejitoa."

"Ana haki ya kujitoa."

"Sijakataa. Nasema tumebaki na pengo. Mdogo wako si yuko nyumbani?"

"Mdogo wangu si kiraka, mkurugenzi."

"Muulize tu. Si wewe unayetufundisha tuwaache watu wachague wenyewe? Basi mwache achague."

Mama Taratibu alichukua mkoba wake, akatoka. Jioni alimkuta Fundi uani, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anahangaika na skrubu ya redio kuukuu. Skrubu ilikuwa ikimponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Dada alieleza huku moyoni akiomba akataliwe.

"Nitakuja," alisema Fundi.

"Si lazima."

"Kwani unataka nikatae?"

"Hapana. Mmoja wa wanafunzi wangu atakuuliza, wengine watatazama anavyokusikiliza. Ukichoka unanyamaza."

"Kunyamaza nimehitimu, Dada," alisema, akaicheka skrubu yake.

Siku yenyewe Mama Taratibu alifika mapema. Aliwaomba maseremala wazime misumeno, akakipanga kiti cha Fundi kiutazame mlango, akawaketisha wafadhili nyuma wasimkodolee macho. Yeye mwenyewe akasimama pembeni, kwenye meza ya chupa za chai. Aliyechaguliwa kuuliza alikuwa mwanasheria mmoja mwanamke, mwenye miwani, mwanafunzi wake bora kuliko wote.

"Ungependa tuanzie wapi?" aliuliza mwanasheria.

"Mnapopapenda napajua," alisema Fundi. "Mnapenda mikono." Akaiinua, akaigeuza huku na huku kama mtu anayeuza. Wachache walicheka, wakajizuia. "Chekeni tu. Ninyi mnauliza vizuri. Wale waliuliza vibaya, lakini maswali ni yale yale. Nani, wapi, lini."

Mwanasheria aliweka kalamu chini. Hakulazimisha. Alisubiri, kama alivyofundishwa, mpaka wengine wakaanza kujikuna. Kisha akasema polepole, "Kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza?"

Swali lilikuwa zuri. Mama Taratibu alijivunia, na bado alikuwa anajivunia Fundi alipoanza kuzungumza.

"Kuna mmoja hakuwahi kunigusa. Alikuja na kiti chake, anakaa, anakunja nne. Siku moja akaniambia, 'Mama yako amekufa. Ameanguka hapo nje langoni, ana mfuko wa nguo zako. Taja majina uende ukamzike.' Nikamcheka. Nikamtemea mate usoni. Nilijua ameishiwa. Mtu akifika mahali pa kukuulia mama kwa mdomo, ujue hana kingine. Kwa mate yale nilipigwa mpaka nikajinyea, lakini nilikuwa na furaha. Sijui kama mnanielewa. Nilikuwa nimemshinda. Nikawa nazungumza na mama kichwani, namwambia, hawa wajinga wamekuzika, siku ukisikia utacheka."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akaendelea.

"Nikatoka. Garini nikamwuliza dada yangu, mama yuko wapi? Akasema yuko kwa shangazi, miguu inamsumbua, anapumzika. Jamani, nililala usingizi siku ile! Nilipona kwa hilo. Chakula kilipita kooni kwa hilo. Yule mtu alikuwa mwongo, na yote aliyonifanyia yalikuwa ya mtu mwongo, hayana thamani. Halafu jirani akanipa pole, sokoni, nimeshika vitunguu."

Alisugua vidole vyake kana kwamba vina vumbi.

"Sasa niambieni ninyi mnaosomea mambo haya. Katika watu wote wale, aliyeniambia ukweli ni yeye. Lango kweli, mfuko kweli, nguo kweli. Hakutia chumvi hata kidogo. Alikuwa ananipa msiba wangu, nami nikamtemea mate. Na aliyenidanganya ni huyo hapo, kwenye chupa za chai."

Ukumbi mzima uligeuka. Mama Taratibu alikuwa ameshika kikombe kitupu, na hakujua akiweke wapi. Mwanasheria ndiye aliyezinduka kwanza: alimwambia Fundi asante, akamwuliza kama angependa kupumzika. Fundi akasema angependa kwenda nyumbani, akainuka, akapita mlango ule aliowekewa autazame.

Mkurugenzi alimfuata Mama Taratibu kwenye ngazi. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Pole sana, dada yangu. Pole. Lakini hii ni lulu. Wageni wamelia. Tutaiingiza kwenye mafunzo, bila kumtaja mtu, bila shaka."

Mama Taratibu alishuka ngazi zilizobaki. Nyumbani alimkuta mdogo wake anakunja nguo kitandani.

"Kwa nini hukuniambia peke yangu?"

"Ungeniambia taratibu."

"Usinifanyie hivyo. Niliambiwa na mtaalamu. Alisema mpaka upate nguvu."

"Nguvu nilikuwa nazo, Dada. Nilitoka nazo mle ndani. Siku ya vitunguu ndipo ziliponiisha."

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mumewe enzi akiwa na mume: kwamba alimkuta mama pale langoni kiatu kimoja kimemtoka, na watu wa foleni wamesogea kidogo tu wasipoteze nafasi zao, kwamba alizika, akapokea rambirambi, akashukuru watu, lakini neno lenyewe, kwamba mama amekufa, halikuwahi kumtoka. "Wewe uliponiuliza garini, likanikwama. Nikasema kwa shangazi. Na nilipokwisha kusema, nikapapenda huko. Mtaalamu alinipa kibali tu. Kila ukiniuliza anaendeleaje, nilikuwa naye nyumba ile, anakanda miguu."

Fundi aliacha kukunja.

"Kwa hiyo wewe ulibaki na mama," alisema, "mimi nikabaki na yule mtu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usijali," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kumjibu karani dirishani.

Juma lililofuata Fundi alihamia chumba cha kupanga nyuma ya gereji ya baiskeli, akaanza kufanya kazi humo. Spana ni nene kuliko skrubu, vidole viliweza kuishika. Hawakugombana. Alikuja kumtembelea dada yake, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, akamwuliza hali ya afya na kazi, akaondoka kabla giza halijaingia. Dada aliyefundisha watu kusikiliza alikaa mbele yake akitafuta la kuuliza, na kila alilolipata lilikuwa limeshachakaa darasani.

Kisa kikaingia kwenye mafunzo kweli. Mkurugenzi alikiandika vizuri: ndugu mmoja, mama mmoja, mfungwa mmoja. Mama Taratibu alikataa kukifundisha, akaambiwa hakuna mwingine anayekijua kama yeye. Akakifundisha. Darasa moja, mwanafunzi wa kiume, mwepesi wa mdomo, akasema, "Huyo dada naye alikuwa mtesaji, ila hakuvaa sare." Wenzake wakacheka, mmoja akapinga, wakabishana kwa raha kama watu wanaojadili mpira.

"Endeleeni," Mama Taratibu aliwaambia. "Mnafikiri vizuri."

Ilipotimia tena siku aliyofariki mama yao, asubuhi alichukua jembe dogo akaenda makaburini kabla ya kazi. Hakuwa amemwambia Fundi. Alitaka kwanza apasafishe, ndipo amwite, waende pamoja kwa mara ya kwanza. Alipofika alikuta majani yameng'olewa na udongo umesawazishwa. Mawe ya pembeni yalikuwa yamepangwa upya, moja moja, na mtu ambaye lazima kila jiwe lilimponyoka mara kadhaa. Kazi hiyo haikuwa ya leo. Mvua ilikuwa imeshaupiga udongo, ukakauka, ukapasuka, majani mapya yakaanza kuchungulia. Fundi alikuwa akija tangu siku nyingi.

Aliinama akang'oa yale machache yaliyochungulia. Hayakujaza hata kiganja. Hapakuwa na kingine cha kufanya pale, na darasa lilikuwa linamsubiri, akafuta jembe ambalo halikuchafuka, akaenda kazini.