Bosi Anashiba Wapi

Brashi alianza kuchora mabango ya maduka akiwa bado msichana, na jina hilo la utani likamganda mpaka mama mkwe naye akalizoea. Mtaani kwao, ukiona bango la kinyozi lenye kichwa kilichochongwa kikachongeka, au la duka la viatu lenye kiatu kinachong'aa kuliko vyote vilivyomo ndani, ujue ni mkono wake. Juu ya ngazi hayumbi, na mwenye duka mkorofi hamtishi. Lakini baada ya kujifungua, Brashi huyohuyo alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kijiko cha chai mkononi, akijikamua titi, na kilichotoka hakikutosha hata kulowesha tako la kijiko.

Mtoto alikuwa wa kike. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimwita Bosi, kwa sababu tangu aingie ndani ya nyumba ile hakuna aliyekula, kuoga wala kulala bila idhini yake.

Mwanzoni maziwa hayakuwa na shida. Walipotoka hospitali, matiti yalikuwa yamejaa mpaka hakuweza kulalia ubavu. Halafu yakaanza kulegea kidogokidogo. Bosi akiwekwa kifuani alinyonya mara mbili tatu, akaachia, akageuza uso pembeni kama mgeni aliyekaribishwa mezani akiwa ameshakula kwingine. Brashi akanywa maji mpaka tumbo likawa linacheza. Akanywa uji na supu. Jirani akamwambia kuna wanawake matiti yao ni ya mapambo tu, akacheka, na Brashi akacheka naye. Alipofunga mlango alilia mpaka kichwa kikamgonga.

"Mtoto akilala hivi ujue ana njaa," alimwambia mumewe. "Hana nguvu ya kulia."

"Mbona mashavu yamejaa?"

"Amevimba."

Mumewe akamtazama Bosi, akamtazama mkewe.

Aliyeishika nyumba siku zile alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani. Alikuja na begi moja na mkasi wake, akasema amekuja kumsaidia mzazi. Kila mtu alijua kilichomtoa kwake. Wiki chache kabla Bosi hajazaliwa, wifi naye alijifungua, mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Walimzika kesho yake. "Usimgusie habari za mtoto," mume alimwonya Brashi, "ana kidonda kibichi." Brashi akatii. Waliishi nyumba moja, wakafua nepi beseni moja, wakazungumza habari za vitambaa na rangi na mvua, na yule mtoto wa kiume hakutajwa.

Wifi alikuwa na mkono mwepesi. Mchana Brashi akishachoka kuhangaika na titi, wifi alimchukua Bosi. "Nipe mimi, wifi. Wewe jinyooshe kidogo." Alikuwa akienda naye chumba cha nyuma, kule alikoweka cherehani, na akimrudisha, Bosi alikuwa amelala fofofo. Brashi alishukuru. Ila moyoni ilimchoma kuona mwanawe anatulia mikononi mwa mwingine kuliko mikononi mwake.

Ikafika siku ya kliniki. Brashi alikwenda peke yake, maana hakutaka mtu aone. Njia nzima alijipanga kusikia maneno mabaya. Alijiona akilazwa na mtoto wodini, akaona hata mpira mwembamba ukipitishwa puani mwa Bosi. Zamu yake ilipofika, alimvua mtoto nguo, akamlaza kwenye mizani, akageukia ukutani.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, akasoma, akaandika. "Vizuri sana. Amepita uzito wa kuzaliwa, tena kapita mbali. Endelea hivyo hivyo, mama."

Brashi akageuka. "Hiyo mizani ni nzima?"

"Nzima kuliko mimi."

"Naomba umpime tena."

Muuguzi akampima tena. Mshale ukasimama palepale. "Mama wengine huja hapa wakitaka uzito uongezeke," akasema. "Wewe unataka upungue?"

"Mimi sina maziwa, dada. Nimekauka. Huyu mtoto kwangu hanyonyi."

Muuguzi akavua miwani, akamtazama Bosi aliyelala uchi pale kwenye mizani, mapaja yamejikunja mikunjo. "Basi kuna mahali anakula," akasema. "Mtoto hashibi hewa."

Brashi hakukumbuka alivyomvika mtoto nguo. Alitoka nje, akasimama kwenye jua, watu wakimpita. Alipaswa kufurahi, na aliitafuta furaha hiyo asiione. Alijaribu kukumbuka kama ameona chupa mahali, kopo la unga wa maziwa, chochote. Hakuna. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, kila sufuria aliijua.

Alipofika nyumbani alisema tu kwamba mtoto hajambo. Wifi, aliyekuwa anaanika nguo, akaitikia bila kugeuka. Mchana, Bosi akasumbua kama kawaida, akakataa titi, na wifi akaja mlangoni. "Nipe mimi, wifi."

Brashi akampa. Akajilaza akitazama dari. Alingoja kusikia cherehani, maana wifi alikuwa akisema Bosi hubembelezwa na mlio wake. Cherehani haikulia. Akainuka, akatembea pekupeku hadi mlango wa chumba cha nyuma, ambao haukufungwa vizuri.

Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, ameupa mlango mgongo nusu, blauzi imefunguliwa. Bosi alikuwa kifuani mwake. Hakuwa akinyonya kwa kusitasita kama kwa mama yake. Alikuwa anameza kwa pupa, gudu, gudu, kama mtu aliyetoka juani, na mkono wake mmoja umeshika kidole cha shangazi yake.

Brashi akaduwaa. Na wakati amesimama pale, masikio yake yamejaa mlio wa mtoto kumeza, akahisi kifua kikichomachoma, kisha joto, kisha unyevu. Akatazama chini. Gauni lake lilikuwa limelowa pande zote mbili, na maziwa yanaendelea kutoka yenyewe.

"Wifi," akasema.

Yule mwanamke akashtuka, akageuka, uso umesawijika. Akaingiza kidole ili amtoe mtoto kwenye titi.

"Usimtoe. Mwache amalize."

Brashi mwenyewe alishangaa maneno hayo yametoka wapi. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, wakangoja. Bosi hakuwa na haraka. Aliposhiba aliachia, akacheua, akalala.

"Ilianzaje?" Brashi akauliza.

"Ulikuwa unaoga. Alilia." Wifi alisema akitazama mapaja yake. "Yangu yalikuwa hayajakauka. Alivyolia tu yakatoka, yakanilowesha. Nikasema nimtulize, mara moja. Siku ya pili nikasema mara moja."

"Na nilivyokuwa nakamua kijikoni nalia, ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukaniacha niamini nimekauka."

Wifi akafunga blauzi. "Mwanzoni nilidhani nakusaidia. Baadaye nikajua ni mimi. Akija kwako ameshiba, hawezi kukunyonya, na usiponyonywa hayatoki. Hilo nalijua, wifi. Nilijua, na nikashindwa kuacha."

Brashi alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli ulimpiga vibaya zaidi. Akamchukua mwanawe, akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo.

Mumewe aliporudi jioni, akakuta hakuna aliyepika. Alipoelezwa, alikaa chini na miwani yake ya kuchomelea ingali kwenye paji la uso. "Mimi nilidhani maziwa yake yalikwisha siku ile ile ya mazishi," akasema. Hakujua amkasirikie nani. Akaenda chumba cha nyuma, na Brashi akasikia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mumewe na dada yake wakilia pamoja.

Asubuhi ni Brashi aliyegonga mlango ule. "Vaa. Tunakwenda kliniki."

Muuguzi mwenye miwani aliwasikiliza wote wawili bila kukatiza, ingawa uso wake ulisema mengi. Kwanza akamtuma wifi akapimwe damu, maana kuna magonjwa yanayopita kwenye maziwa na hili halina kubahatisha. Wakangoja kwenye benchi. Majibu yakatoka salama. Ndipo muuguzi akamwambia Brashi kwamba kijiko kilimdanganya, kwamba titi halipimwi kwa kukamua, na kwamba sasa amweke mtoto kifuani kila anapotaka, kutwa kucha, hata akigoma. "Atakulilia. Vumilia. Atajua tu kwamba hana kwingine, na mwili wako utamsikia. Asipolowesha nepi, mlete upesi."

Wakainuka. Wifi akabaki ameketi.

"Na mimi?" akauliza. "Haya yangu niyafanyeje?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia. Pale alipojifungulia walimpa karatasi ya kutoka, wakampa pole. Muuguzi akarudi kuketi, akasogeza kiti karibu naye, akamweleza taratibu: akamue kidogo tu pale yanapouma, kila siku apunguze, yataondoka yenyewe. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, machozi yakimdondokea kwenye mikono.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Bosi alilia kama aliyeporwa, akapiga mateke, akanyonya kwa hasira. Nepi zikapungua unyevu, Brashi akaogopa upya, halafu zikaanza kulowa tena. Wifi alishinda akishona mlango umefungwa, maana mtoto akilia kifua chake kilimwagika vilevile. Walikuwa hawajapatana, na hawakujifanya wamepatana. Alitakiwa kurudi kwake mwisho wa wiki.

Mchana mmoja kabla hajaondoka, Brashi alikuwa barazani akinyonyesha. Bosi alikuwa anameza, gudu, gudu. Wifi akatoka na begi la nguo alizozishona, akawasikia, akasita, akataka kurudi ndani.

"Kaa, wifi," Brashi akasema.

Akakaa.

"Alifanana na nani? Mwanao."

Wifi akaliweka begi chini. "Na mumeo," akasema. "Masikio yale yale. Na nywele, wifi, alikuwa na nywele nyingi mpaka shingoni. Walinipa nimshike kidogo tu."

Brashi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, na wifi akaendelea kusimulia.