Majani Yaliyongoja Karatasi

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Tulikuwa tumemaliza kupura mpunga hapa Idete, majani yamelala mashambani, mwenyekiti wa kijiji Hermenegildi akatuita mkutanoni. Alikuwa na wageni wa mradi, watu wa utafiti, waliojenga banda kule Lumemo la kupika majani ya mpunga mpaka yawe karatasi.

"Msichome majani, wala msilishe ng'ombe," alisema Hermenegildi. "Fungeni marobota, rundikeni shambani, gari litapita. Atakayekaidi tutaonana ofisini."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, lakini nilifunga. Ungefanya nini? Mwenyekiti akikwambia mtaonana ofisini, hakualiki chai.

Shamba lenyewe si langu. Ni la ukoo wa mke wangu Tekla, aliyekufa mwaka juzi kando ya barabara, tukingoja gari la wagonjwa tunaloahidiwa kila uchaguzi. Siku ya kuanua matanga, kaka yake Eustaki aliniambia mbele za watu: "Shemeji, hatukufukuzi. Ukilima, kaa. Shamba likilala msimu mmoja tu, tunalichukua." Nyumba yangu iko humo humo shambani, naishi na binti yangu Levina. Kwetu Mahenge sina hata pa kutua mzigo.

Na shamba hilo tangu enzi za Tekla lililimwa na maksai wa Makoye, mfugaji wa Kisukuma anayekaa ng'ambo ya reli. Walikubaliana wenyewe kwa mdomo. Kiangazi ng'ombe wake wanakula majani yetu, mvua zikikaribia Makoye anakuja na plau. Basi.

Mwezi wa nane akaja na ng'ombe kama kawaida, akakuta marobota.

"Shikamoo, baba Levina. Mbona majani umeyafunga kama maiti?"

"Marahaba. Ni ya karatasi, Makoye. Amri ya mwenyekiti."

"Karatasi!" Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Haya, basi na mimi ng'ombe wangu niwapeleke shule."

Akawaswaga wakaondoka. Kila shamba alilokwenda alikuta hivyo hivyo.

Gari halikuja mwezi ule, wala uliofuata. Mwezi wa kumi nikapanda bodaboda mpaka Lumemo. Ndani ya banda kulikuwa na pipa kubwa jeusi, harufu kali ya magadi, na karatasi chache za kahawia zimeanikwa juu ya wavu. Mtu alikuwa mmoja tu, dada Elineema, mtaalamu wao, anafunga maboksi.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia gari la majani."

Akanipa kiti. Alinieleza kwa upole, hilo sikatai. Kumbe majani ya mpunga yana kitu ndani kama kioo kilichosagwa. Ukiyakata, yanamaliza visu. Ukiyapika, kile kitu kinaganda kwenye mabomba. Wamejaribu magadi mengi, wamejaribu machache, wamebadilisha moto.

"Lakini utafiti umefanikiwa, baba. Tumepata jibu."

"Jibu gani?"

"Kwamba kwa mitambo tuliyonayo, haifai."

Nikamtazama. "Mwanangu, hayo ndiyo mafanikio? Na marobota yangu?"

Akaacha kufunga boksi. "Kwani mwenyekiti hakuwaambia? Tangu mwezi wa nane tulimpigia simu. Tulisema yaliyobaki wenye mashamba wayatumie wanavyotaka."

Sikuaga vizuri. Nilimkuta Hermenegildi kwake anakula.

"Walikupigia, hukutuambia!"

"Baba Levina, punguza sauti. Mimi ni kiongozi. Siwezi kutangaza jambo la simu tu. Nilikuwa nangoja waniletee kwa maandishi."

Na akaendelea na ugali wake.

Nilikwenda kwa Makoye asubuhi iliyofuata. Zizi lake lilikuwa tupu, kinyesi kimekauka kama matofali.

"Mwangaluka, Makoye," nikamsalimia kwa Kisukuma chake. "Majani yale, lete ng'ombe wayale. Halafu unilimie."

Hakucheka safari hii. Akanionyesha ukutani. "Plau ile pale. Nira ile pale. Maksai wamekufa, wote wanne. Walikuwa wanalamba vumbi kando ya marobota yenu, wakifukuzwa na mgambo. Waliobaki nimewapeleka Malinyi kwa kaka yangu." Akaigonga plau kwa fimbo, akasema, "Plau chukua, baba. Mfunge mwenyekiti upande huu, mtaalamu upande ule, wavute."

Nilirudi mikono mitupu. Trekta linataka hela mkononi, na mimi sina. Tulianza na jembe la mkono, mimi na Levina. Udongo wa mbuga unaujua mwenyewe: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi. Nyonga yangu moja haikunjiki. Jaruba la kwanza la mpunga tulilimaliza, la pili hatukufika katikati. Mvua zikaanza kupiga, marobota yakalowa, yakaoza, hayachomeki, hayabebeki. Juzi Eustaki alipita na mwanamume nisiyemjua, wakalizunguka shamba polepole. Shemeji yangu alinisalimia vizuri, akasema watarudi Jumamosi na wazee wa ukoo. Yule mwingine alikuwa anaangalia paa la nyumba yangu.

Jana tukaitwa mkutanoni tena. Wageni wapya, gari jipya. Safari hii wanataka majani ya kuoteshea uyoga. Hermenegildi alipouliza kama kuna swali, nikasimama. Levina alinivuta shati, sikukaa.

"Mwenyekiti, mlisema tufunge, tukafunga. Wenzenu wa karatasi wameshapata jibu lao, wameondoka nalo. Maji yanapanda Idete, shamba la Tekla halijalimwa, na wakwe zangu wanakuja Jumamosi. Niambie hapa, mbele ya hawa wageni: nani analilima?"

"Swali zuri," alisema Hermenegildi. "Limepokelewa. Mwingine?"

Limepokelewa na nani?