Maiti ya Mamake Polisi

Mimi ndiye ninayewaosha wanawake waliokufa mtaani kwetu, hapa Bareli, Bara Hindi, na siku ile nilisema siendi. Siendi ng'o!

Aliyekuja mlangoni ni Latafat, polisi. Ijumaa kamati ya Khilafat, inayompinga Mwingereza kwa ajili ya Khalifa wa Uturuki, ilikuwa imetangaza msikitini: avaaye gwanda la Mwingereza asinyolewe, asiletewe maji, wala maiti ya nyumbani kwake isioshwe, mpaka aache kazi hiyo. Wapo waliosema kamati imezidi. Mimi nasema ilichelewa. Jumatatu yake, kwenye maandamano ya kumtetea Khalifa, Latafat huyuhuyu alimvunja mkono mwanangu Munir kwa rungu. Jirani yangu wa ukuta mmoja!

"Bi Kudsia," alisema, "mama amefariki alfajiri. Kwa joto hili ataharibika kabla ya alasiri."

"Inna lillahi. Vua gwanda, nije sasa hivi."

"Nikivua, wanangu watakula nini?"

"Basi kamwite malkia wa Uingereza aje akuoshee."

"Una roho mbaya, mama!"

"Na rungu lako lina roho nzuri?"

Akaondoka analia. Sikumhurumia hata chembe.

Nikarudi jikoni kukoroga dengu. Munir, mkono kaufunga kwa kitambaa shingoni, akasema, "Safi, mama. Wakome!"

Mara upande wa pili wa ukuta nikasikia maji yakimwagwa. Alikuwa Nasima, mke wa Latafat, peke yake. Maiti hajawahi kugusa maisha yake yote.

"Naanzia wapi?" alikuwa akilia. "Mungu wangu, naanzia wapi?"

Kisha nikasikia kichwa kikigonga ubao. Kichwa cha Bibi Kubra, mamake Latafat, aliyenishika mkono usiku kucha nilipokuwa namzaa Munir.

Nikatupa mwiko, nikauendea ukuta.

"Mshike kichwa, mjinga wewe! Hilo si gogo!"

Sauti ndogo ikauliza: "Bi Kudsia?"

"Usiniite! Mtawadhishe kwanza. Halafu upande wa kulia. Kulia, nimesema! Na umfunike, asikae uchi!"

Munir alinikodolea macho. "Mama, kamati imekataza!"

"Imekataza kuosha," nikamwambia. "Kutukana haijakataza."

Nikamtukana Nasima hatua kwa hatua, huku machozi yananitoka, mpaka fundo la mwisho la sanda.