Vigingi vya Mzee Malachy

Hadi saa nne asubuhi, kwenye makao ya wazee alikofanya kazi, Dervla Tansey alikuwa ameshaogesha wazee wanane, wote baba na mama za watu wengine. Alikuwa anamvalisha soksi wa tisa, meneja alipomwita kando. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba kitanda cha chumba namba kumi na nne kingekuwa wazi Jumatatu, na kwa kuwa Dervla na mumewe wanahamia mji wa Galway mwisho wa mwezi, pengine angependa baba yake aandikwe. Watu thelathini walikuwa kwenye foleni. Alitaka jibu kabla ya jioni.

Dervla alisema asante, akarudi kwenye soksi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nyumba waliyopanga imeuzwa, na ya kupanga nyingine haipo, si kijijini wala mjini. Mumewe, Fintan, ana kaka mwenye chumba Galway, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mzee Malachy, baba yake Dervla, ana miaka sabini na sita na moyo usiotabirika. Vidonge vyake Dervla asipomwekea mezani kila alfajiri ndani ya kikombe kidogo cha kulia yai, anasahau, halafu anabisha kwamba amemeza. Mtu wa namna hiyo humwachi peke yake, isipokuwa labda umechoka kuwa na baba, na Dervla hakuwa amechoka.

Dawa ya yote ilikuwa shamba la juu. Mzee alikubali likatwe vipande viwili, kikubwa kibaki chake, kidogo kiwe cha binti. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwa akina Tansey tangu babu wa babu. Ardhi kwao haikatwi; kwa ardhi hiyo ndugu wawili walikaa miaka arobaini bila kusalimiana, wakazikwa wamepeana mgongo. Lakini kutoa ni moyo, na Mzee Malachy alitia sahihi. Fintan ni seremala, nyumba ya mbao alikuwa ameshaikata vipande, inasubiri kibali tu. Na siku hiyo, saa nane mchana, ofisa mipango wa halmashauri alikuwa anakuja kukikagua kiwanja.

Dervla aliomba ruhusa kazini akafika saa saba na nusu. Alimkuta mzee amenyoa, amevaa koti lake la kuendea mazishi. Mezani kulikuwa na vikombe vya harusi, mkate aliouoka mwenyewe, na nyama ya nguruwe iliyokatwa minofu minene ya kumshibisha mtu wa machimboni. Tangazo la maombi ya kibali lilikuwa limefungwa getini ndani ya nailoni, kama sheria inavyotaka. Mzee alikuwa amelipangusa kwa leso.

"Baba, leo usiongee sana," Dervla alimwambia.

"Mimi? Mimi ni bubu tangu asubuhi."

Ofisa aliitwa Kilbane, mtu mwembamba mwenye kikohozi, akashuka kwenye gari akabadilisha viatu kwa mabuti. Mzee akamkaribisha chai. Sasa, kwetu mgeni akikaribishwa chai hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, na ya tatu hukaa. Kila mtu anajua. Bwana Kilbane alikataa ya kwanza, akakataa ya pili, na ya tatu nayo akakataa. Alieleza kwa upole kwamba haruhusiwi kupokea hata maji kwa mtu ambaye faili lake liko mkononi. Mzee alimwangalia kama mtu aliyetemewa mate kizingitini, akafunika nyama kwa sahani.

Wakapanda shambani watatu, mvua ikinyunya kidogo kidogo. Ofisa alikuwa na kishikwambi, na kila kigingi cha mpaka alichokifikia alikigusisha chombo chake, akapiga picha, akaendelea. Kwenye vigingi viwili vya juu alisimama. Akapima. Akarudi chini, akapima tena. Kikohozi kikamshika.

"Mzee Tansey, hivi viwili nani kavipigilia?"

"Mpima ardhi."

"Mpima alivipigilia pale." Akaonyesha matundu mawili kwenye nyasi, hatua kumi na mbili chini yao. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Mzee aligeuka akatazama ziwa. "Vilihama," akasema.

"Vilihama kwa miguu yao, baba?" Dervla akauliza.

"Nilivisaidia kidogo. Alfajiri."

Mzee akaanza kueleza, na alipoanza hakukamatika. Mpima yule, alisema, ni kijana wa mjini, alikata mstari kama anakata keki. Alimpa Dervla bonde lenye maji, na dirisha la jikoni lingetazama yale magofu ya ng'ambo ya barabara. Hatua kumi na mbili tu juu, ardhi ni kavu, na mtu akiosha vyombo anaona ziwa lote. Mama yake Dervla miaka thelathini aliosha vyombo akitazama ukuta wa zizi, hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomkosesha mzee usingizi. Alitaka kumpa mtoto mahali pazuri. Kuna ubaya gani?

Bwana Kilbane alifuta mvua kwenye kioo cha kishikwambi kwa mkono wa koti.

"Nina miaka ishirini na mbili kazini," alisema mwishowe. "Nimeona vigingi vimeibwa. Nimeona ndugu wakitoana damu kwa upana wa kiganja. Wote hao walisogeza wale cha mwenzao. Mtu aliyesogeza ajipunje mwenyewe, ni wewe wa kwanza."

"Basi tunavirudisha," Dervla akasema. "Sasa hivi. Dakika kumi."

"Zamani ningekwenda kula mkate wangu garini, nikirudi nivikute mahali pake, na mimi sijaona kitu." Alikionyesha kile kishikwambi. "Siku hizi nikigusa tu, vipimo na picha vimeshafika ofisini. Ardhi haifanani na ramani. Faili linarudishwa, dada yangu. Samahani sana."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliwaeleza kilichobaki: ramani mpya, tangazo jipya gazetini, jingine getini, wiki tano za pingamizi, kisha foleni. Jibu lisingetoka kabla ya Februari. Dervla alisikiliza akihesabu wiki kichwani, na wiki hazikutosha hata alipozihesabu vibaya makusudi.

Mzee Malachy alinyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya barabara. Kule zilisimama nyumba kumi na moja za ghorofa moja, tangu mjenzi wake afilisike miaka karibu ishirini iliyopita. Hazikuwahi kulala mtu. Kila majira ya baridi ziwa lilikuwa likiingia jikoni mwake.

"Na zile? Zile zilipita kwenye ofisi hiyo hiyo?"

"Zilipita."

"Kwenye maji?"

"Karatasi zake zilikuwa safi kabisa," Bwana Kilbane akasema, na uso ukamwiva.

Walishuka. Getini ofisa alisimama, akakohoa, akavua kofia. Alisema kwamba kwa kuwa faili halipo tena mkononi mwake, kama ile chai bado ipo, angeshukuru. Mzee akamwingiza ndani, akaifunua nyama. Ofisa alikula minofu minne na kunywa vikombe vitatu, akausifu mkate, na alipoondoka mzee alimfungia uliobaki kwenye gazeti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: chai alijua kuinywa.

Gari lilipopinda, mzee aliketi, mikono juu ya magoti.

"Nimekuharibia, mwanangu."

Dervla alitaka kumgombeza. Alikuwa na kila haki. Lakini alikiona kikombe cha yai kwenye ukingo wa dirisha, kitupu, vidonge vimemezwa bila kubembelezwa, kwa sababu siku hiyo mzee alikuwa na kazi ya kufanya alfajiri. Machozi yakamtoka na kicheko kikamtoka, vyote pamoja.

"Chumba cha nyuma kina nini siku hizi?"

"Mboji kavu ya kuwashia moto badala ya kuni. Na kuku wawili. Paa linavuja upande mmoja."

"Fintan atalala upande unaovuja."

Walirudi juu na nyundo. Mzee alidhani wanakwenda kurudisha vigingi, akaanza kushuka kuelekea matundu ya chini, na Dervla akamshika mkono. Kama ramani ni lazima ichorwe upya, alimwambia, basi safari hii ramani ndiyo itafuata vigingi. Mzee aliinama, akakishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, Dervla akakipigilia palepale. Vilipoingia vyote viwili, mzee alipima kwa jicho kuelekea ziwani, akauliza kwa sauti ndogo kama hatua moja zaidi ingekuwa tamaa.

"Ni tamaa," Dervla akasema, akaving'oa vigingi, wakaongeza hatua moja.

Simu ililia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa meneja, akikumbushia kitanda cha chumba namba kumi na nne. Dervla alifuta matope kwenye kidole gumba kabla ya kuandika.

"Mpe anayefuata kwenye foleni. Baba yangu ana kazi huku, ananishikia vigingi."