Bango la Presha

Bango lilikuwa limemtoa Kagendo jasho wiki nzima. Muuguzi huyu kutoka Meru, aliyekuwa na mwaka wa tatu katika zahanati ya Kipungani, alikuwa amewapima presha wanawake sitini na mmoja, akamuuliza kila mmoja huongea na watu wangapi kwa siku. Matokeo yalitakiwa kwenye kongamano la afya Mombasa Alhamisi, yote kwenye karatasi moja ya kutundikwa ukutani, tena kwa Kiswahili.

Kabla ya kwenda Amu mjini kulichapisha, aliona heri waliopimwa walione kwanza. Jumatatu asubuhi akabandika kurasa za majaribio kwenye ukuta wa baraza ya Bi Rawiya, ambapo wanawake hukaa kusuka ukili wa mikeka. Akasoma kichwa kwa sauti:

"Mahusiano ya Kijamii na Afya ya Mwili Miongoni mwa Wanawake."

Mikono ikasimama. Mtu akakohoa. Mara baraza zima likaangua kicheko.

"Mahusiano?" Bi Rawiya akasema akijifuta macho. "Bi Kagendo, mimi nina wajukuu tisa. Mahusiano na nani? Waume zetu wakilisoma hili, tutawajibu nini?"

Uso ukamwaka moto Kagendo. Chuoni neno hilo walilitumia kila siku bila mtu kucheka. "Nilimaanisha vile mnavyokaa pamoja, mkitembeleana, mkiulizana mmeamkaje."

"Si useme kujuliana hali!"

Kagendo akakata kichwa chote, akaandika: "Kujuliana Hali na Presha." Akaona kweli kimependeza. Akazidi kukata, aya hii, aya ile, mpaka ukurasa ukapumua.

Kisha akawaonyesha mchoro wa nukta. Kila nukta ni mtu mmoja, akaeleza. Aliye juu ana presha kubwa, aliye kushoto ana watu wachache wa kuongea nao.

"Mimi ni ipi?" akauliza Rumaisa, binti wa Bi Rawiya.

"Hiyo ni siri."

"Siri gani? Presha yangu waijua hata mbuzi wangu!"

Wakaanza kugombania nukta za chini, kila mtu akidai ndiyo yake. Ndipo Rumaisa akagusa moja iliyokaa juu kabisa, kushoto, mbali na nyingine. "Na maskini huyu mmoya ni nani?"

Kagendo alimjua. Akainamia kalamu yake kana kwamba hakusikia.

"Ni mimi."

Wote wakageuka. Nusra alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza akisikiliza, njiani kwenda zahanati kuchukua dawa yake ya presha. Alikuwa ameolewa kutoka Kizingitini mwaka uliopita, na mikeka yake aliisukia ndani, peke yake.

"Sikutaka kuwasumbua," akasema. "Nyinyi mwajuana tangu utoto."

"Kutusumbua?" Bi Rawiya akapigapiga mkeka kando yake. "Mwaka mzima sisi twadhani wewe ndiye hututaki! Ndoo hapa ukae."

Nusra akapanda, akaketi. Akapewa miyaa, majani ya kusukia, akaanza kusuka, na kabla chai haijamiminwa wanawake wote walikuwa wamemzunguka, maana ukili wake ulisukwa kwa namna ambayo hawakuwahi kuiona. "Fumua, utufunze tena!" wakamwambia. Kagendo akabaki ameshika kurasa zake, hakuna aliyemkumbuka, naye akajikuta anatabasamu peke yake.

"Sasa nukta yake isogeze," Rumaisa akamwagiza.

"Huo utakuwa uongo. Nitampima tena baada ya miezi mitatu."

Alhamisi bango lilivuta watu wengi Mombasa, kwa kuwa lilisomeka kwa dakika moja. Na miezi mitatu ilipotimia, presha ya Nusra ilikuwa imeshuka. Dawa zake hazimpiti tena, Rumaisa humkumbusha kila asubuhi akipita dirishani.

Siku hizi Kagendo akitoka kazini huenda barazani kujifunza kusuka. Ukili wake huenda upogo, haunyooki, na Nusra huufumua huku akicheka mpaka anashika mbavu.