Insha Iliyopigwa Pasi

Fundi cherehani alikuwa na imani moja maishani: hakuna kitu kisichoweza kupunguzwa kiunoni kikapendeza zaidi. Ndiyo maana binti yake alisita sana kabla ya kumkabidhi insha asubuhi ile.

Binti alikuwa anasomea ualimu, na insha hii ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza mkufunzi alizirudisha na maneno yaleyale: "Haina uhai." Ya tatu ikianguka, anarudia mwaka mzima.

"Baba, mimi nawahi mazoezi ya kufundisha. Ipeleke tu kwa Karani aichape, nitaipitia saa tisa. Saa kumi ndiyo mwisho wa kukabidhi. Nakuomba usiiguse."

"Niiguse ya nini? Kwani mimi nimesomea insha?"

Binti alipokata kona, Fundi akavaa miwani.

Mada ilikuwa "Kosa Lililonifunza." Sentensi ya kwanza tu ikamtoa jasho: "Baba yangu alimshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi." Ilikuwa kweli tupu. Miaka tisa iliyopita alipima mguu wa kushoto, wa kulia akauacha, kwa hoja kwamba Mungu hakuumba miguu ya kupishana urefu. Maskini bwana harusi aliingia ukumbini amekunja goti, wageni wakadhani ana baridi yabisi. Mtaa ndio kwanza umeanza kusahau, na sasa mwanawe wa kumzaa anazipeleka habari chuoni!

Akachukua kalamu. "Baba yangu" akaikata, juu yake akaandika "fundi mmoja wa mtaa wa pili." Pengo la inchi mbili akalifanya la inchi tano, maana kosa la mwenzako halibanwi. Mwishoni akakuta haya: "Alisimama mbele ya watu wote akasema, 'Kosa ni langu.' Siku ile niliona haya. Leo naomba nikikosea darasani niwe na moyo kama wake."

Fundi aliisoma mara mbili, akajikohoza bila kikohozi. Kisha akaikata. Fundi wa mtaa wa pili hakustahili sifa nzuri namna ile.

"Unafanya nini na kazi ya mtoto?" mkewe akauliza, akiwa na bakuli la vifungo mkononi.

"Naipiga pasi."

Mteja akaita nje. Fundi aliporudi, akakuta mkewe ameandika pembeni: "Mwongo! Ni wewe. Na nilikukumbusha upime na mguu wa kulia." Hasira zikampanda. Akaandika chini yake: "Hukunikumbusha." Mama naye akaipokea kalamu: "Mara mbili!" Hadi saa saba, pembeni hapakuwa na nafasi hata ya nukta, na Fundi akatoka mbio.

"Yaliyokatwa utayaona," alimwambia Karani.

"Mimi kazi yangu naijua," Karani akajibu, na aliijua kweli. Kabla ya kufungua kibanda chake cha kuchapa, alikuwa amechapa maneno ya mashahidi mahakamani miaka ishirini. Huko mtu haongezi wala hapunguzi, na neno lililokatwa huchapwa pia, likaelezwa kuwa limekatwa. Akachapa yote, akafunga bahasha kwa gundi. Binti akaikwapua saa tisa na robo, akaikabidhi bila kuifungua.

Siku ya nne, mkufunzi mwenyewe akaingia dukani, binti nyuma yake ameinamisha kichwa. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi. Mkufunzi akaweka karatasi juu ya cherehani, Fundi akasoma: "Fundi mmoja wa mtaa wa pili (awali: Baba yangu, imekatwa)." Na chini yake: "Pembeni, mwandiko wa kike: Mwongo! Ni wewe."

Mama akajifanya anatafuta sindano.

Fundi akamtazama binti yake, na roho ikamuuma. Mwaka mzima wa mtoto ameupoteza yeye, kwa kalamu yake mwenyewe. Akasimama, tepu ikining'inia shingoni.

"Mwalimu, kosa ni langu. Mtoto aliandika ukweli, nikamharibia kwa sababu naona haya. Ile suruali niliishona mimi. Na mke wangu alinikumbusha."

"Mara mbili," Mama akasema, taratibu kidogo.

Mkufunzi akaitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza kitu alichokwisha kukisoma.

"Amefaulu," akasema. "Nilisahihisha yaliyokatwa tu. Huko ndiko kulikokuwa na uhai."

Binti akainua kichwa, machozi na kicheko vikamtoka pamoja. Mkufunzi akafungua mfuko, akatoa kitambaa cha kijivu.

"Sasa nishonee suruali. Nimeshapita kwa mafundi watatu wasiokosea kamwe, na zote tatu hazivaliki."

Fundi akapiga magoti, akapima mguu wa kushoto, akaandika kwenye daftari.

"Na wa kulia!" Mama akapaza sauti.

"Nimekusikia, mama watoto."

Akapima wa kulia. Akakunja uso, akapima tena. Ulikuwa mfupi kwa nusu inchi. Fundi akaandika vipimo vyote viwili, asikate kitu.